Kuni Zisizo na Matundu

Inspekta Zakayo alikuwa na tabia moja iliyomkera Klara kuliko zote: alipenda kufunga jalada kabla ya kulifungua vizuri. Asubuhi hiyo ya Jumatatu alisimama katikati ya uani wa Bi Zulekha, Kariakoo, shati limenyooshwa mpaka mikunjo inakata, akalionyesha rundo la kuni kwa kidole kama dalali anayeonyesha kiwanja.

"Kesho Bakili anapanda kizimbani," alisema. "Kamuuzia kuni mbichi mpishi mwenye pumu. Mpishi yuko wodini Upanga, mipira ya hewa puani, hajafumbua macho tangu Jumamosi. Akifa, kosa linapanda. Sasa wewe umekuja kutafuta nini?"

"Nimekuja kuziona kuni."

"Nimeshaziona mimi."

Ndiyo maana nimekuja, Klara alitaka kusema, akalimeza. Wawili hawa walianza kazi pamoja, na mwaka huu Zakayo alipewa kitengo ambacho kituo kizima kilidhani kingekuwa cha Klara. Tusifichane, Klara alimwonea wivu. Alimwonea wivu wa kiti, wa gari, hata wa ile kalamu yake ya wino anayoichomeka mfukoni ili ionekane. Lakini wivu wake ulikuwa na faida moja: kila alichokigusa Zakayo, yeye alikirudia kukigusa.

Nyumba yenyewe ilikuwa moja ya zile chache za Kiswahili zilizobaki mtaani hapo, imebanwa na maghorofa pande tatu, jua linaiona adhuhuri tu. Nyuma kulikuwa na banda la bati lenye mafiga, na kulizunguka banda hilo turubai la kushusha na kupandisha. Jumamosi alfajiri mvua ilinyesha, wakalishusha turubai lote ili maji yasiingie kwenye pilau la harusi. Bi Zulekha akabaki ndani na masufuria yake, na kuni zikatoa moshi badala ya moto. Mtu mwingine angetoka. Yeye hakutoka, maana pilau la watu haliachwi. Wasaidizi waliporudi na vitunguu na kulifunua turubai, walimkuta amelala kando ya mafiga, dawa yake ya kuvuta ingali mkononi.

Zakayo alitoa bahasha, na ndani ya bahasha akatoa kidude cha njano, kidogo kuliko rimoti ya televisheni, chenye sindano mbili kichwani. Ni kipimo cha unyevu, aina ile inayouzwa kwenye meza za Kariakoo pamoja na tochi na chaja za simu. Alikipata kwenye kikapu cha viungo cha Bi Zulekha.

"Tazama," alisema, akachoma ukuni mmoja kwenye gome. Kidude kikaonyesha kumi na nne. "Kavu, si ndiyo? Kuni ikisoma chini ya ishirini inawaka vizuri. Sasa huo ndio ujanja wa Bakili. Kazianika juani mpaka ngozi ikakauka, nyama ikabaki mbichi."

"Nipe shoka."

Klara amezaliwa na kukulia Songea, na shoka kwake si kitu cha kuogopa. Alipiga mara moja, ukuni ukafunguka. Akazichoma zile sindano ndani, kwenye uso mweupe uliokuwa haujaona hewa. Namba zikaruka mpaka thelathini na tisa.

"Nilikwambia," Zakayo alisema, akatabasamu.

Klara alikuwa amekichomoa kidude na sasa alikuwa anatazama pale kilipokuwa. Sindano zilikuwa zimeacha matundu mawili madogo, yamekaa ubavu kwa ubavu. Alipitisha kidole juu yake. Kisha akachukua ukuni mwingine, akaugeuza pande zote. Akachukua mwingine. Akalichambua rundo zima, moja baada ya jingine, akipapasa kila uso uliochanjwa kama mama anayetafuta chawa kichwani kwa mtoto.

"Umepoteza hereni?" Zakayo aliuliza.

"Kidude hiki alikuwa anakitumia, au alikinunua kikae kwenye kikapu?"

"Alikuwa anakitumia. Bakili mwenyewe ameandika kwenye maelezo yake kwamba zilipimwa. Uongo mtupu."

"Kama ni uongo, basi sawa. Kama ni kweli, hizi si kuni alizopima. Ukiacha huu tuliouchoma sisi, hakuna hata moja yenye matundu."

Zakayo alitazama rundo, akatazama saa yake. "Klara, usinitafutie kazi. Kesho ni kesho."

Karibu na bomba, mwanamke wa makamo alikuwa ameinamia sufuria kubwa la mikono miwili, anasugua masizi kwa majivu. Huyo alikuwa Bi Zamzam, msaidizi mkuu wa Bi Zulekha, na kabla ya hapo mwalimu wake. Klara alimwita kwa heshima.

"Shikamoo, Bi Zamzam."

Bi Zamzam aliendelea kusugua. Zakayo akainua nyusi: na huyu naye ana maringo. Klara alisogea mpaka kivuli chake kikaangukia sufuria, na mama yule akashtuka.

"Marahaba, mwanangu. Sikukuona."

"Pole na mgonjwa."

"Tumeshapoa. Mungu mkubwa."

"Kuni zilipoletwa Ijumaa, Bi Zulekha alizipima?"

Bi Zamzam aligeuza uso kidogo, akawa kama anamtazama Klara kwa sikio la kulia. Klara akarudia swali.

"Ah, kuzipima! Ndiyo kazi yake siku hizi. Anazichoma choma kama nesi wa chanjo."

"Ulimwona?"

"Nione nini? Kidude kile kikitoka kwenye kikapu, mimi naingia ndani. Kipya kinyemi, ingawa kidonda."

"Na zamani nani alikuwa anazijua kavu?"

Hapo mikono ya Bi Zamzam iliacha kusugua. "Zamani?" alisema, na sauti yake ikapanda mpaka jirani wa ghorofani akachungulia. "Zamani nilizigonga mimi. Nachukua mbili, nazigonganisha hapa, karibu na sikio. Kavu inaita, mbichi inaguna. Uani wote unanyamaza, anayekuna nazi anasimamisha mbuzi, anayetwanga anashika mchi juu. Nikisema washeni, wanawasha. Muulize mpishi yeyote Kariakoo hii, moto wa Zulekha ulikuwa wa nani."

Klara alimnyooshea kidude. "Hebu kitazame."

"Kiondoe," Bi Zamzam alisema, akageukia ukutani.

*

Bakili aliletwa chumba cha mahojiano akiwa pekupeku, bila mkanda, suruali ameikamata kwa mkono. Muuza kuni wa Buguruni, mtu wa Mtwara, mabega ya kubeba magogo. Mahabusu ilikuwa imeshampunguza.

"Mke wangu amekuja?" aliuliza kabla hajaketi.

"Yuko nje. Ana mtoto mgongoni."

"Mwambie aende nyumbani, afande. Asikae juani." Akakaa. "Mimi kuni mbichi siuzi. Ni mwembe zile, lakini zimelala bandani tangu kiangazi."

"Mbichi zilizokutwa uani nazo ni mwembe."

"Basi si zangu."

"Bi Zulekha alizipima vipi?"

"Moja moja! Alinichanjisha zote, halafu akachoma ndani, kwenye uso mpya. Nikanuna. Nikamwambia, mama, miaka yote nakuletea kuni, leo nimekuwa mwizi? Akacheka. Akasema, Bakili usinune, kidude hiki hakikuhusu wewe."

Klara aliinua kichwa. "Alisema hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Kinamhusu nani?"

"Hakusema, na mimi sikuuliza. Nilikuwa bado nimenuna."

"Mumewe anasema ulikuwa unamtaka."

Bakili alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Mbaruk? Mbaruk anamwonea wivu hata paka anayelala jikoni. Afande, nimeoa, nina watoto, nina banda. Kesho wakinipeleka gerezani, banda litabomolewa na wanangu watakula nini? Nenda kamuulize Mbaruk hilo."

"Ndiko naenda," Klara alisema.

*

Duka la Mbaruk lilikuwa la khanga na vitenge, limejaa mpaka dari. Nje, vipaza sauti vya wamachinga vilikuwa vinagombania masikio ya wapita njia. Juu ya kaunta ilining'inia khanga nyekundu yenye maandishi: WIVU NI KIDONDA, UKISHIRIKI UTAKONDA. Klara aliisoma, akamtazama mwenye duka. Kweli alikuwa amekonda.

"Hiyo inatoka sana," Mbaruk alisema, mzee wa asili ya Kiarabu, kofia imekaa upande na macho mekundu ya kukesha hospitalini. "Karibu, mama afande. Mumfunge yule mtu."

"Kwa lipi hasa?"

"Kwa lipi! Mwanamume gani anampa mteja kuni nzuri namna ile? Kavu, zimenyooka, hazina hata mdudu. Kila Ijumaa. Na analeta mwenyewe, hatumi mtu. Kuni hazihitaji tabasamu, lakini za Bakili zinakuja na tabasamu."

"Ulizionaje kuwa ni kavu?"

Mbaruk akainama chini ya kaunta, akaibuka na kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Alikifungua juu ya vitenge kwa uangalifu wa sonara. Ulikuwa ukuni mmoja.

"Niliuchukua Ijumaa jioni, kwenye rundo alilolileta," alisema. "Nikaupeleka kwa muuza kuni mwingine. Nikamuuliza, ndugu yangu, mtu anaweza kutoa mali kama hii bila sababu?"

"Akasema nini?"

"Akasema sababu ni kwamba mteja analipa." Mbaruk alikunja uso. "Wanalindana, hawa."

Klara hakucheka, ingawa ilimlazimu aume mdomo. Aliugeuza ukuni kwenye mwanga. Upande uliochanjwa, katikati kabisa, kulikuwa na matundu mawili madogo, ubavu kwa ubavu. Alikitoa kidude kwenye bahasha na kuweka sindano juu yake. Ziliingia mlemle. Kisha akazichoma pembeni kidogo, ili asome upya. Kumi na mbili.

"Mzee Mbaruk, ukuni huu ni kavu."

"Si ndiyo nasema!"

"Na umetoka kwenye kuni za Bakili."

"Kwa mkono wangu."

"Basi Bakili alileta kuni kavu Ijumaa jioni, na Jumamosi alfajiri zikawashwa mbichi. Kati ya hapo kuna mtu amezibadilisha. Wewe alfajiri ile ulikuwa wapi?"

Mbaruk alianza kukunja khanga ambayo ilikuwa imeshakunjwa. "Msikitini."

"Kabla ya msikiti."

"Garini."

"Gari likiwa wapi?"

Nje kipaza sauti kilikuwa kinaapa kwamba bei ile haitarudi tena.

"Buguruni," Mbaruk alisema hatimaye. "Mbele ya banda la Bakili. Mke wangu alikuwa peke yake uani, mvua inanyesha, nikasema leo atamfuata. Nikakaa namlinda."

"Akatoka?"

"Hakutoka. Analala humo humo bandani. Alikuwa anakoroma mpaka barabarani."

"Na guta lake la kubebea mizigo? Na kuni?"

"Hakuna kilichotoka. Nisingekiacha."

Klara akamwachia mzee nafasi ayasikie maneno yake mwenyewe. Yalimfikia polepole. Mbaruk alikaa kwenye kigoda chake, kofia mkononi.

"Ina maana mimi ndiye shahidi wake," alisema.

"Wewe ndiye shahidi wake. Utaandika na utaweka sahihi leo. Sasa niambie, mlango wa nyuma wa uani una funguo ngapi?"

"Mmoja ninao mimi, huu hapa. Mwingine anao Bi Zamzam, ndiye anayefungua alfajiri. Lakini yule ni kama dada yake Zulekha. Ndiye aliyemfundisha hata kushika mwiko."

"Na kidude hiki, mkeo alikinunua kwa sababu gani?"

"Nilimuuliza, nikidhani amepewa zawadi na Bakili. Akaniambia kuna mambo ya jikoni hayamhusu mume." Mbaruk alifuta macho kwa kofia. "Afande, mimi nampenda. Nampenda vibaya, lakini nampenda."

*

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na Klara alikuwa analiwaza hilo bajaji ilipomteremsha Buguruni, nyuma ya magereji. Njiani alimpigia Zakayo: ukuni wenye matundu umepatikana, shahidi wa Bakili amepatikana, jalada lisiende popote. Zakayo akauliza ni nani aliyeupata huo ukuni. "Mimi," Klara alisema, na neno lile lilikuwa tamu mdomoni.

Bi Zamzam alikuwa amepanga chumba katika nyumba yenye wapangaji wengi na uani mmoja. Katikati ya uani kulikuwa na kisiki kipya cha mwembe, bado kinatoa utomvu. Mwenye nyumba aliukata mti ili ajenge vyumba vingine. Matawi yake yalikuwa yameshachanjwa na kubebwa. Wapangaji walikuwa kwenye shughuli zao, mmoja anapiga pasi ya mkaa, mmoja anasuka nywele za mwenzake.

Mlangoni pake, Bi Zamzam alikuwa amekaa amewapa mgongo, anachambua mchele kwenye ungo. Hatua mbili tu nyuma yake birika lilikuwa linachemka juu ya jiko, mfuniko unarukaruka na kupiga kelele, maji yanamwagikia mkaa na kulia chwii. Bi Zamzam hakugeuka. Klara alisimama, akamtazama. Akakumbuka sufuria la asubuhi, salamu isiyojibiwa, uso unaogeuzwa kulia, sauti iliyopanda bila ugomvi. Akaliepua birika kwa upindo wa sketi yake na kupita mbele.

"Oh, mwanangu. Umenishtua. Karibu."

"Starehe, Bi Zamzam. Kuni zako zile naweza kuziona?"

Zilikuwa zimepangwa ukutani, zimefunikwa gunia. Mpangilio safi, gome juu, kama apangavyo mtu anayeheshimu kuni. Klara aliondoa gunia, akachukua wa kwanza. Matundu mawili. Akachukua wa pili. Matundu mawili. Akauchukua mwingine kutoka chini kabisa, akampelekea mkononi.

"Papasa hapo."

Bi Zamzam alipapasa. Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa moto wa miaka, lakini viliyaona.

"Nini hiki?"

"Kidude kinaacha alama. Kila ukuni alioupima Bi Zulekha una matundu mawili. Hizi ni kuni alizonunua kwa Bakili, na ziko kwako. Za mwembe huu uliokatwa hapa ziko kule, kwenye banda lililomwangusha."

Bi Zamzam aliendelea kupapasa. Hakukana. Labda angekana kama angekuwa amewahi kukitazama kidude kile walau mara moja, kwa maana angejua, na kuni zile angezichoma moto siku ile ile.

"Kinaacha alama," alisema taratibu.

"Ungekitazama ungejua."

"Sikutaka kukitazama." Aliuweka ukuni chini, akaupangusa vumbi. "Usiku wa Ijumaa nilikodi guta, nikafungua mlango wa nyuma, nikazibadilisha. Nilitaka pilau liingie moshi. Basi, hilo tu. Wageni wanuse, waseme kidude cha Zulekha si lolote si chochote. Aje aniite. Aseme, Da Zamzam, njoo uzigonge kama zamani."

"Na kuni hizi kwa nini hukuzitupa?"

Bi Zamzam alimtazama kama aliyeulizwa swali la kitoto. "Kuni kavu hivi zinatupwa?"

"Ulijua ana pumu."

"Nilijua."

"Na mvua ilikuwa inanyesha, turubai limeshushwa."

"Nilidhani atatoka nje!"

"Bi Zamzam, ametoka lini nje akaacha sufuria? Si wewe uliyemfundisha asitoke?"

Mchele ulimwagika kutoka kwenye ungo, naye hakuuokota. Klara alikuwa na pingu kiunoni na hakuzigusa bado. Aliuona wivu ule na kuutambua vizuri sana, maana wake mwenyewe ulikuwa umekula mchana ule na kushiba.

"Kumbe mimi nilimpa kila kitu," Bi Zamzam alisema, kwa sauti ile ya juu, na mpiga pasi akasimama kusikiliza. "Nilimpa mwiko. Nilimpa jina. Akavaa dhahabu, akakaa mbele, sikusema neno. Nikabaki na kuni tu. Na hizo kuni nazo akazipa kidude cha mezani, cha kuuzwa na tochi! Alikosa nini kwangu? Nilimkosea nini?"

Simu ya Klara ililia. Ilikuwa namba ya Mbaruk, na mzee alikuwa analia na kucheka pamoja.

"Amefumbua macho, afande! Amefumbua! Anaongea!"

"Alhamdulillahi. Anaweza kujibu swali moja? Moja tu."

Ulisikika mkwaruzo wa simu ikipelekwa mdomoni, kisha pumzi fupi fupi za mtu anayepanda ngazi. Klara aliuliza alichokuwa amekibeba tangu mahabusu: kidude kile kinamhusu nani? Aliifunika simu kwa kiganja, akasikiliza. Jibu lilichukua muda, lilikatikakatika, na mara mbili nesi aliingilia. Mwishoni Bi Zulekha aliuliza kama Da Zamzam amekula, na akasema asihangaike na masufuria peke yake.

Klara alikata simu.

"Ni yeye?" Bi Zamzam alikuwa ameshainuka. "Yu hai?"

"Yu hai."

"Yu hai?" alirudia, akimtazama mdomo.

Klara aliitikia kwa kichwa, kwa nguvu. Bi Zamzam akakaa chini pale pale juu ya mchele, akashika kichwa. Alipokiinua, macho yalikuwa makavu na makali.

"Kanitaja? Kasema nini? Niambie, mwanangu, nina haki. Alikinunua cha nini, kama si kunidhalilisha?"

Wapangaji walikuwa wamesogea. Pasi ilikuwa imewekwa pembeni, msusi ameshika nywele za mwenzake katikati ya msuko, na kwenye mlango wa nyuma kulikuwa na wawili wengine. Miongoni mwao alikuwamo hata mpishi mmoja wa shughuli, Klara alimjua kwa aproni yake. Klara alichuchumaa, akamsogelea Bi Zamzam mpaka paji la uso likakaribia kumgusa, na akamwambia kwa sauti ya chini, maneno aliyopewa kama alivyopewa.

Bi Zamzam alimsikiliza kwa makini, uso umegeuzwa upande wa kulia.

"Nini?" aliuliza.

Klara alirudia, polepole zaidi.

"Sema, mwanangu. Mbona unaninong'oneza? Unaficha nini?"

Klara aliwatazama watu waliosimama. Aliwaza kumwingiza chumbani, lakini Bi Zamzam alikuwa amemkamata mkono na hamwachii, na alikuwa anapaza sauti, sema, sema. Klara akavuta pumzi, na akasema kwa nguvu, kama mtu anayeita ng'ambo ya barabara:

"Anasema masikio yako yanakufa! Kwenye zile harusi mbili pilau lilipoingia moshi, ni wewe uliyesema kuni kavu! Yeye akabeba lawama! Alinunua kidude ili asikuondoe, na wapishi wenzako wasijue!"

Uani wote ulinyamaza. Kwa ukimya ule, hata mama yule alijua kwamba kila mtu amesikia.

Bi Zamzam aliuachia mkono wa Klara. Aliokota kuni mbili kutoka kwenye rundo, akazipeleka karibu na sikio la kulia, akazigonganisha. Akangoja. Akazigonganisha tena, kwa nguvu, mpaka ganda likaruka. Halafu akazilaza chini, moja kando ya nyingine, akajitanda khanga mpaka ikafunika masikio, na akanyoosha mikono mbele kwa pingu.